Flashi ya Sirisia na Sheria ya Nairobi

Leo sina kichekesho. Wiki jana nimefungua simu nikakuta video yangu kwa ukurasa wa mtu mwingine. Ni ile niliyorekodi soko la Chwele, wale akina mama wa vitunguu. Jamaa amekata jina langu pale kwa kona, akaweka lake. Watazamaji wake ni mara kumi ya wangu. Nilikasirika hadi chai ikapoa.

Halafu nikakumbuka kitu kikanifunga mdomo. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, nilikula miezi minane kwa kuuza muvi za watu.

Mliopita pale stendi ya Sirisia mnakumbuka ile meza. Kompyuta moja kuukuu, spika mbili zinapiga kelele. Muvi moja bob kumi, siriz nzima bob hamsini. Unaleta flashi, unajaziwa, unaenda. Walimu walikuwa wateja, watu wa bodaboda, hata wazee wa kanisa. Hakuna hata mmoja aliyeniita mwizi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa nimejiuliza: hii tabia ilianza wapi, na mbona sheria haiiwezi?

Turudi enzi za kuka zetu. Wakati wa santuri, kuiba wimbo ilikuwa kazi ngumu. Ili utoe kopi ulihitaji kiwanda na mashine ya kupiga sahani. Kisha ikaja kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963. Baadaye zikaja redio za kaseti mbili: upande mmoja unacheza, wa pili unarekodi. Hapo kiwanda kikahamia sebuleni. Mtaa wa River Road, Nairobi, ndiko muziki wetu ulikouzwa, na ndiko kopi bandia zilikotapakaa pia. Msanii anarekodi omutibo, kabla hajalipwa, kaseti ya wizi imeshafika Bungoma kwa basi.

Kenya ilikuwa na sheria yake ya hakimiliki tangu 1966. Bunge likapitisha nyingine mwaka 2001, ikaanza kutumika Februari 2003. Hiyo ndiyo iliyoleta Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Tukaanza kuambiwa tuangalie stika: kaseti au CD ikiwa na stika ni halali, ikikosa ni ya wizi.

Wazo zuri. Lakini angalia miaka. Kule Marekani, Napster ilianza 1999, watu wakawa wanapeana nyimbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kampuni za muziki zikashtaki, na mwaka 2001 huduma ikazimwa. Iliwezekana kuzimwa kwa sababu orodha ya faili zote ilikaa kwa seva za kampuni moja. Mwaka huohuo ikaja BitTorrent, ambayo inakata faili vipande vipande, kila mtu anabeba chake na kumgawia mwenzake. Hapo utamkamata nani? Waliokuwa nyuma ya The Pirate Bay walihukumiwa kifungo Stockholm mwaka 2009, na tovuti yao ikaendelea kufanya kazi.

Kwa hivyo wakati serikali yetu inatafuta kaseti zisizo na stika, dunia ilikuwa imehamia kwa faili, na faili haina pa kubandika stika.

Mwaka huohuo wa 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini. Intaneti ikapata kasi. Lakini msidhani muvi zilifika Sirisia kwa intaneti. Zilifika kwa matatu. Mimi nilikopi kutoka kwa jamaa wa Bungoma mjini, yeye alitoa Eldoret, na wa Eldoret alitoa Nairobi. Mtu mmoja alipakua, sisi wengine wote tulibeba diski. Upande wa pili tulikuwa na Lwakhakha. Muvi zilizotafsiriwa Kiganda na akina VJ wa Uganda zilivuka mpaka ndani ya flashi mfukoni, na hakuna mtu wa forodha anayeuliza flashi yako ina nini.

Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa. Sasa mwenye kazi anaweza kuandikia kampuni ya intaneti, nayo ina saa 48 za kazi kuzuia kilichoibwa. MultiChoice, wenye DStv, waliitumia dhidi ya tovuti zinazoonyesha mpira bila ruhusa. Safaricom na Jamii Telecom walibishana nao, kesi ikaenda Mahakama Kuu.

Sheria hiyo inamfikia anayepitia mtandao. Sisi hatukupitia. Xender inaunganisha simu mbili zilizokaa kwa benchi moja, bila bando. Bluetooth vilevile. Utamwandikia nani barua ya saa 48? Benchi?

Na nawaambia ukweli, meza yangu haikufungwa na polisi. Ilifungwa na bando za bei nafuu. Watu wakaanza kuangalia YouTube wenyewe, wakaacha kuja. Ndiyo maana naamini wizi wa faili hupungua pale kitu halali kinapokuwa karibu na kwa bei ya mtu wa kawaida. Netflix ilifika Kenya 2016, lakini nani hapa kwetu alikuwa na kadi ya benki ya kulipia kila mwezi? Bob kumi alikuwa nayo.

Lakini hiyo hainitoi kosani. Siku moja mzee fulani alisimama pale mezani akauliza kama nina nyimbo za litungu. Nikamwambia ziko, bob tano. Akataja jina la msanii. Nikatafuta, nikazipata. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni mimi huyo. Yangu iliharibika, sina hata moja." Akatoa bob tano. Na mimi, wadau, nikapokea.

Kampuni kubwa zina mawakili wa kuandika zile barua. Yule mzee hana, na mimi sina. Hakimiliki ni yako tangu siku umerekodi, kusajili si lazima, lakini kuidai ndiyo shida. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema serikali italinda mali ya ubunifu ya watu wa Kenya. Basi iweke mahali Bungoma ambapo msanii anaingia na simu yake, anaonyesha kazi yake imeibwa, na mtu wa ofisi anamwandikia ile barua bila wakili. Hilo lingetusaidia kuliko msako wa kuchukua kompyuta ya kijana stendi.

Yule jamaa wa video nimemwandikia mara mbili, amesoma, hajajibu. Na mimi nina deni langu. Kama unamjua mzee wa litungu aliyewahi kununua nyimbo zake mwenyewe Sirisia, mwambie kijana wa kompyuta anamtafuta. Nitaanza na zile bob tano, halafu tuongee kuhusu zingine zote.