Unataka kuanza kuosha magari? Soma hapa kabla hujanunua dawa

Juzi mshkaji mmoja wa mtaani kwetu alinifuata na elfu thelathini mkononi, anataka nimwambie anunue dawa gani za kuoshea magari ili aanze kazi kabla Desemba haijaingia. Alikuwa ameshapita duka la spea na muuzaji amempangia chupa mezani kama duka la manukato: dawa ya tairi, dawa ya dashibodi, dawa ya vioo, dawa ya rimu, kompaundi, polishi, nta, na kichupa kidogo cha keramiki ambacho peke yake kingemaliza hela yote. Nilimwambia airudishe hela mfukoni kwanza. Haya hapa ndo niliyomweleza, nimeongeza kidogo.

Kama uko intaneti kafe na dakika zinakaribia kwisha, chukua hili uondoke nalo: ndoo mbili, shampuu ya gari, vitambaa laini vitano au sita, na kopo moja la nta. Basi. Hizo chupa zingine zitasubiri mpaka gari zenyewe zizilipie.

Kwa wasioifahamu Moshi, Desemba huku ni msimu. Wachagga walioko Dar, Mwanza, Dodoma na kwingineko wanarudi nyumbani kula Krismasi, na barabara zote za kupanda mlimani, Marangu, Machame, Kibosho, Rombo, zinajaa magari yenye uchafu wa safari. Hakuna anayetaka kufika kwao na gari chafu, hasa kama ni jipya na majirani ndo wanaliona mara ya kwanza. Kijana mwenye ndoo na akili timamu anapata hela ya maana hapo.

Mimi mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne nilikuwa natafuta hela ya kurudia hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikaingia kijiwe cha kuosha magari. Ikaja Mark II nyeusi kutoka Dar, nyeusi tii. Nikaiosha kwa sabuni ya unga na kipande cha godoro ambacho kilishaanguka chini mara mbili, nikakisuuza juu juu nikaendelea. Jioni ile gari ilionekana safi, mwenyewe akalipa na kuniongezea ya soda. Kesho yake saa tatu, jua limeshatoka vizuri, akarudi. Boneti nzima ilikuwa na vimistari vya duara duara kama utando wa buibui. Mzee wa watu hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kijana, umeniosha gari au umelikuna?" Nikamwambia shikamoo, nikakosa la kuongeza. Fundi rangi aliyeiondoa ile mikwaruzo alilipwa kwa hela yangu ya wiki mbili, na ya mtihani ikaishia hapo. Hesabu nikarudia mwaka uliofuata.

Siku ile nililaumu sabuni. Baadaye nikaja kuelewa kwamba sabuni ilikuwa na kosa dogo, kosa kubwa lilikuwa mchanga.

Iko hivi. Magari mengi tunayoyaona mitaani, hizi Toyota zilizotumika Japani, yana rangi ya tabaka. Chini kuna rangi yenyewe, juu yake kuna tabaka la uwazi lisilo na rangi ambalo ndo linalong'aa. Hilo tabaka la juu kwa kawaida lina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Sasa chukua vumbi letu. Mlima huu ni wa volkano, na udongo wake ukikauka kiangazi unakuwa unga mwepesi unaoingia hadi kwenye vitasa. Ndani ya huo unga kuna chembe ngumu kuliko rangi ya gari. Ukipitisha kitambaa juu ya vumbi kavu, au ukatumia godoro lililookota mchanga, unakuwa umepiga msasa. Kwenye gari nyeupe hutaona. Kwenye nyeusi au bluu iliyokoza, jua la asubuhi litakusema mbele za watu.

Ndo maana nasema ndoo mbili kabla ya dawa yoyote. Moja ina maji ya shampuu, nyingine maji matupu. Kitambaa kinachovya shampuu, kinapita gari, kinaenda kusuuzwa kwenye ndoo ya maji matupu, ndipo kinarudi kwenye shampuu. Ukimaliza, angalia ile ndoo ya pili chini. Mchanga utakaouona pale ungekuwa umerudi kwenye rangi ya mtu. Na kabla ya kugusa gari kwa kitambaa, mwagia maji mengi kwanza, kwa mpira au kwa kopo, tope lilainike lidondoke lenyewe. Gari lililoshuka Kibosho au Old Moshi wakati wa masika, lile tope jekundu limegandamana kwenye matao ya tairi, lipe dakika tano za kuloa. Anza juu ya paa, malizia chini. Tairi na rimu zina kitambaa chao, kisipande juu kamwe.

Haya, shampuu. Kwa nini sio sabuni ya unga? Mnaokumbuka kemia ya sekondari, kipimo cha pH kinaanzia 0 hadi 14, katikati ni 7. Sabuni ya unga ikishayeyuka mara nyingi iko 10 au 11, imetengenezwa kuvua mafuta kwenye nguo. Kwenye gari inavua nta yote, na ukiitumia kila wiki inachakaza mipira ya milango na kufubaza plastiki nyeusi za bampa. Kuosha mara moja hakuui gari, hapo watu huwa wanatia chumvi, lakini mteja wa kila Jumamosi utamwona gari yake inapauka taratibu. Shampuu nzuri ya gari iko karibu na 7 na inateleza, kwa hiyo chembe za mchanga zinaelea badala ya kusugua.

Tatizo ni kwamba chupa za mtaani haziaminiki zote. Nyingine ni sabuni ya vyombo iliyotiwa rangi na kubandikwa picha ya gari. Kuna kipimo cha bei ya kikombe cha choya. Chemsha choya bila sukari, uache ipoe. Weka matone machache kwenye glasi ya maji yenye shampuu, na matone yale yale kwenye glasi ya maji yenye sabuni ya unga. Choya ikikutana na kitu kikali cha upande wa sabuni inaacha wekundu, inageuka kuelekea bluu au kijani. Kama glasi zote mbili zimegeuka sawasawa, umeuziwa sabuni. Tumia choya kidogo na maji ya shampuu mengi, maana choya yenyewe ni tindikali na ukiijaza itakudanganya. Na shampuu zilizotiwa rangi kali zitakuchanganya kidogo. Sio maabara lakini imeniokoa mara mbili.

Vitambaa: maikrofaiba ndo bora, nyuzi zake zinabeba uchafu ndani badala ya kuuburuta. Kama huna hela, nenda soko la mitumba, Memorial au Kiboriloni, tafuta taulo laini na fulana za pamba asilia. Kata pindo, lebo, zipu na sehemu yenye maandishi ya plastiki, hizo zinakwaruza. Kimoja cha kuoshea, viwili vya kukaushia, kimoja cha nta, kimoja cha ndani, kimoja cha tairi. Dodoki liache bafuni. Kikianguka chini, kwaheri, kinahamia kwenye tairi mpaka kifuliwe. Na ukivifua usitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na vitaacha michirizi kwenye kioo.

Osha kivulini, na usiache maji yakauke yenyewe. Jua la saa nane la Moshi mjini linakausha boneti kabla hujafika mlango wa nyuma, na madini ya kwenye maji yanabaki kama madoa meupe. Yakikaa muda mrefu hayatoki kwa shampuu.

Gari lililotoka Dar lina mambo mawili ya ziada. Kwanza wadudu. Kutoka Chalinze, Korogwe, Same mpaka Mwanga, hasa waliosafiri usiku, bampa na kioo cha mbele vinafika vimejaa. Usisugue. Lowesha kitambaa, kilaze juu yao dakika kumi, wataondoka. Wakiachwa siku kadhaa juani wanaanza kula ile rangi ya juu, sawa na kinyesi cha ndege. Pili ni vidoa vya lami kwenye sehemu za chini za milango. Hapa vijiwe vingi vinatumia mafuta ya taa. Kidogo sana kwenye pamba, doa moja moja, na kuosha kwa shampuu papo hapo, sitabisha. Lakini nimeona mtu anafuta mlango mzima kwa mafuta ya taa ili ung'ae. Unang'aa siku moja, halafu unakamata vumbi lote la kutoka hapo hadi Himo.

Nta ndo kitu pekee kati ya vile vinne ambacho mteja anakilipia kwa moyo. Nta nyingi za makopo zina kanauba ndani yake, nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inastahimili joto, inayeyuka zaidi ya nyuzi 80, wakati nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 au 64 hivi. Nasema hivi kwa sababu kuna jamaa alitaka kutumia nta ya nyuki tupu, na boneti nyeusi juani inaifanya inate na kuokota vumbi. Nta inapakwa kidogo, nyembamba, kivulini, kwenye gari safi na kavu, inaachwa ikauke, inafutwa. Ukifanya vizuri maji yanajikusanya matone kama umande kwenye jani la gimbi. Yakianza kutambaa tambarare, nta imekwisha, mara nyingi ni baada ya wiki kadhaa hadi miezi miwili.

Usichanganye nta na kompaundi. Watu wengi huku wanaita vyote polishi na hapo ndo ajali zinapoanzia. Nta inaongeza kitu juu ya rangi, kompaundi inapunguza rangi. Ina chembe za kusagia, na kila ukiipiga unakula zile maikroni 40 ambazo hazirudi. Polishi halisi nayo inapunguza, ila kwa upole zaidi. Kwa mgeni, kompaundi na mashine ya kuzungusha ni marufuku mpaka ufundishwe na fundi rangi kwenye mlango chakavu. Pikapu za zamani sana nyingine hazina kabisa lile tabaka la uwazi. Jaribu polishi kidogo sehemu iliyojificha, kitambaa kikitoka na rangi ya gari, jua uko kwenye rangi yenyewe. Keramiki nayo iache. Inafungia chini yake mikwaruzo yote uliyoikuta.

Vingine kwa haraka. Dawa ya tairi haina haraka, na isifike sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Dashibodi inatosha kitambaa chenye unyevu, yale mafuta ya kung'arisha yanamrudishia dereva mwanga machoni. Dawa ya meno kwenye taa zilizopata ukungu wa njano inafanya kazi, ni kweli, lakini ukungu unarudi haraka na mteja anarudi nao. Dawa ya rimu isome chupa vizuri: baadhi zina tindikali ya haidrofloriki, inapenya ngozi na unaweza usisikie maumivu mpaka baadaye. Hiyo usiiguse kabisa, brashi na shampuu vinatosha.

Kuhusu dizeli ya kuoshea injini na chini ya gari, mimi niliacha. Inavimbisha mipira, halafu inaenda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ila sote tunajua vijiwe vilipo. Maji ya Rau na Njoro ndiyo yanayopelekwa kwenye mashamba ya mpunga ya mradi wa Lower Moshi uliojengwa miaka ya 1980, kule Mabogini na Chekereni. Mimi shangazi yangu analima Chekereni na huo mchele ndo tunakula nyumbani. Kwa hiyo beba maji kwenye dumu, osha mbali na mto, maji machafu yaishie kwenye udongo.

Mshkaji wangu mwishowe alinunua ndoo mbili, shampuu moja, taulo za Memorial na kopo dogo la nta, akabaki na chenji. Ameanza na Noah ya mjomba wake inayobeba abiria na ndizi za Marangu, na hapo ndo ametuletea swali ambalo mimi limenishinda. Utomvu wa ndizi kwenye siti ya kitambaa, umeshakauka na kuwa mweusi. Shampuu hapana, sabuni ya kipande hapana, limau limepunguza kidogo tu. Mwenye kujua dawa yake aandike hapo chini, Noah inaingia barabarani Jumatatu.