Mafuta Kwenda, Shaba Kurudi: Shehena kati ya Dar es Salaam na Zambia

Zambia ilipopata uhuru Oktoba 1964, karibu kila kilo ya shaba yake ilikwenda baharini kwa reli ya kusini. Ilitoka migodi ya Kitwe na Ndola, ikavuka Zambezi kwenye daraja la Maporomoko ya Victoria, ikapita Rodesia ya walowezi na kupakiwa melini Beira, katika Msumbiji ya Wareno. Mafuta na makaa ya mawe ya kuendeshea migodi hiyo yalipanda kwa njia hiyo hiyo. Upande wa kaskazini-mashariki hapakuwa na reli. Kilichokuwepo ni barabara ya udongo iliyopita Tunduma, Mbeya na Iringa hadi Dar es Salaam.

Novemba 11, 1965, Ian Smith, kiongozi wa walowezi hao, alijitangazia uhuru wa Rodesia. Uingereza iliiwekea serikali yake vikwazo vya mafuta, naye Smith akayakata mafuta ya Zambia. Kwa miezi kadhaa petroli ilisafirishwa kwa ndege, ndani ya mapipa, kwa gharama isiyoweza kudumu. Malori yakashika kazi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na wabia wa Kitaliano, ziliunda kampuni ya usafirishaji iliyotumia malori ya Fiat. Yalipanda na mapipa ya mafuta na kushuka na shaba, na hapo ndipo hesabu yote ya njia hii ilipolala: lori linalorudi tupu linamtia mwenyewe hasara, lenye mzigo wa kurudi linalipa safari zote mbili. Masika ilipoingia, barabara iligeuka matope, malori yakakwama au kupinduka kwenye miteremko, nayo ikapewa jina la Njia ya Jehanamu.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kupeleka mafuta Ndola. Barabara nayo ilitiwa lami kwa mikopo, mingi ikiwa ya Marekani na Benki ya Dunia, na mlima Kitonga ukapata njia ya magari mazito. Lakini marais Kenneth Kaunda wa Zambia na Julius Nyerere wa Tanzania walitaka reli. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema kuwa reli hiyo haina faida. China ilikubali, na mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 5, 1967. Mkopo wake haukuwa na riba.

Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Sehemu iliyowatesa wajenzi ni Mlimba hadi Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero na ambako mahandaki mengi ya njia nzima yamechimbwa. Maelfu ya Wachina walifanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia wengi kuliko wao. Wachina waliofia kazini wana makaburi yao Gongo la Mboto. Reli ilifika mpakani mwaka 1973, ikafika Kapiri Mposhi mwaka 1975, na kukabidhiwa Julai 1976, ikiwa na kilomita 1,860. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na Afrika Kusini, ilhali Reli ya Kati ya Tanzania ina milimita 1,000. Kwa hiyo treni ya shaba ingeweza kuendelea hadi Cape Town, lakini isingeweza kwenda Dodoma.

Ilikamilika wakati wa dhiki. Mpaka wa Rodesia ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, na reli ya Benguela ya kwenda Lobito ilikatwa na vita vya Angola mwaka 1975. Ghafla shehena yote ya Zambia iliitazama bandari ya Dar es Salaam, ambayo haikuwa na gati wala vifaa vya kuimudu. Oktoba 1978 Kaunda aliifungua tena njia ya kusini: mbolea ilikuwa imerundikana bandarini na msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni. Mwaka uliofuata majeshi ya Rodesia yalilipua daraja la Chambeshi la reli mpya.

Reli hiyo mpya, TAZARA, ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na haijawahi kuzifikia. Vichwa vya kwanza vya treni vilizidiwa na mlima wa Mlimba, vipuri vilichelewa, na kwa kuwa kila serikali ina nusu ya umiliki, hakuna iliyoharakisha kutoa fedha peke yake. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini, Durban ikawa mshindani wa wazi. Migodi ilipouzwa kwa kampuni binafsi, kampuni hizo ziliangalia muda na bei tu. Lori linachukua shaba langoni mwa mgodi na kuishusha bandarini bila kuhamishwa njiani, na kwa kuwa limekuja na mafuta, ngano au mbolea, nauli ya kurudi ni ya kujadiliana.

Leo malori hayo yanavuka hadi Katanga kuchukua shaba na kobalti za Kongo. Dereva anaongea Kiswahili hadi Tunduma, anapita nchi ya Wabemba, kisha anakikuta tena Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kikiwa na lafudhi ya Lubumbashi. Foleni za Tunduma na Nakonde zilikuwa za siku nyingi, na Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja ili nyaraka za forodha zikaguliwe upande mmoja tu. Msongamano ulipungua lakini haukuisha. Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA kwa mtaji wa kampuni ya Kichina, huku Marekani na Ulaya zikiisaidia njia ya Lobito inayogombea shaba ile ile.