Koo kubwa, pumzi kidogo: kabureta za vijana wa California

Bandugu wa promosheni, kuko jambo moja linaniumaga mpaka leo. Mwaka nilipotoka shule na diplome mkononi, nilibaki na gari la marehemu baba, motere yake ya litre 1,3. Nikataka likimbie. Mtu mmoja akaniuzia kabureta ya motere ya litre 2, yenye makoo mapana, na pesa niliyolipa ilikuwa minervale ya dada yangu. Baba mudogo, fundi wa miaka mingi hapa Bukavu, akaiangalia, akasema: « Mutoto wangu, hii motere itakosa pumzi. » Nikamujibu vibaya, sawa mtu anayejiona amesoma. Siku ya kwanza kupanda Kadutu, nikakanyaga, gari likakohoa mara mbili, likazimika katikati ya watu.

Nyuma ya miaka, nikisoma historia ya vijana wa Marekani waliojenga magari yanayoitwa hot rod, nikakuta kosa langu lina wazee wake.

Mambo ilianza na Ford. Mwaka 1932 kampuni ile ilitoa motere ya silinda nane, V8 ya bei ya mtu wa kawaida: litre 3,6, nguvu ya farasi 65. Vijana wa Los Angeles walinunua Ford zilizochoka, wakatoa mabawa ya matairi na kila kitu kizito, na siku ya mapumziko wakaenda kuzikimbiza ku ziwa lililokauka la Muroc, kule jangwani kaskazini. Mwaka 1937 vikundi vyao vikaungana katika chama kimoja, SCTA, juu mbio zilikuwa zimekuwa za hatari na fujo. Lakini musisahau hili: gari lile lile la Muroc ndilo lilikuwa linapeleka kijana kazini siku ya kwanza. Hakukuwa gari la pili.

Kabureta waliyoipenda ilikuwa Stromberg 97, iliyotoka na Ford za 1936 mpaka 1938. Ile 97 ni kipimo: koo lake lina upana wa sehemu 97 za inchi iliyogawanywa mia, karibu milimetre 25. Iko na makoo mawili hivi. Zilikuwa tele ku magari yaliyokufa, na bei yake ndogo. Vic Edelbrock, fundi wa Los Angeles, akatengeneza kabla ya vita bomba la kugawa hewa lenye kubeba Stromberg mbili, akaliita Slingshot. Gari lake mwenyewe, Ford ya 1932, alikuwa analitumia barabarani na kulishindanisha.

Je, kabureta mbili ilikuwa majivuno? Tupige hesabu. Motere ya mipigo minne inajaza ukubwa wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Litre 3,6 mara mizunguko 4.000, gawanya kwa mbili: litre 7.200 za hewa kwa dakika. Na motere ya barabarani haijazagi yote. Tuseme asilimia 80, karibu litre 5.800, ndiyo kusema futi za ujazo 205 hivi. Stromberg moja inapitisha karibu 150. Kwa hiyo moja ilikuwa inasonga motere ikikimbia, mbili zilitosha na kubakisha. Wale vijana walikuwa na haki.

Shida ilikuja wakati mtu aliona mbili ni nzuri, basi tatu, basi nne, na wengine waliweka sita! Kwenye ziwa kavu, mguu chini mpaka mwisho, zinaweza kufanya kazi. Lakini barabarani mtu anasimama, anaanza, anasimama tena. Kabureta haisukumi esanse. Hewa ikipita mbio ndani ya koo jembamba, presha inashuka pale, na ile presha ndogo njo inavuta esanse kutoka ku kikombe chake. Koo likiwa pana sana, hewa inatembea polepole, haivuti kitu. Esanse inakuja imechelewa, tena kwa matone makubwa yasiyoungua vizuri. Ukikanyaga ghafla, motere inapata hewa tupu. Njo kile kikohozi changu cha Kadutu.

Viwanda viliona hiyo. Mwaka 1957 Pontiac iliuza motere ya kabureta tatu, lakini polepole ilikuwa inatumia ya katikati peke yake. Mbili za pembeni zinalala mpaka ukanyage kweli. Katika miaka ile ile ilikuja Holley ya makoo manne. Katika zile zilizofaa barabara, makoo ya nyuma yanafunguliwa na mvuto wa hewa yenyewe: motere isipohitaji, hayafunguki, hata mguu wako ukiwa na haraka. Mimi naona ile ngozi ndogo yenye kuvuta mlango ni akili kubwa kupita nguvu yote ya farasi. Mwaka 1965 General Motors ilitoa Quadrajet, makoo ya mbele madogo kabisa, ya nyuma mapana ya kutisha. Wapenda mbio wengi waliidharau, wakaitupa. Kwa gari la kila siku, walitupa kitu kizuri.

Hata leo, mwenye Chevrolet ya litre 5,7 atakuambia anataka kabureta ya futi 750 ao 850. Afanye hesabu ile: mizunguko 5.500, asilimia 85, atakuta karibu 470. Ya 600 inamutosha na kubakisha.

Kwetu kuko jambo lingine, mwinuko. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jigleri iliyopimwa kwa watu wa chini itatia esanse nyingi kupita hewa. Baba mudogo hakusomea hiyo popote, lakini ku kopo lake la jigleri ndogo hakukosa moja.

Kabureta ya zamani alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa chenye mafuta, akaificha chini ya meza yake. Aliirudisha bila kunilipisha, bila neno. Dada yangu alirudi darasani trimestre iliyofuata. Mwezi uliopita nikamupelekea karatasi: litre 1,3 mara 5.000, gawanya kwa mbili, 3.250 kwa dakika, tena ondoa kidogo. Akaisoma pole pole, akacheka, akaniambia nimushikie turnevisi.