Pointi za Kadi Analipa Nani?

Kila nikifungua simu siku hizi napata mtu anasifu kadi yake ya mkopo. Umejaza mafuta, pointi. Umelipia chakula, pointi. Umenunua sabuni, pointi. Poa. Lakini mbona hakuna anayeuliza hizo pointi analipa nani? Benki sio shosho yako, haikupi kitu kwa sababu inakupenda.

Jibu liko kwa historia, na historia yenyewe ni ya Marekani. Mwaka wa 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuuzia maduka stempu ndogo za kijani. Ukinunua vitu unapewa stempu, unaenda nyumbani unazilamba, unazibandika kwa kitabu. Vitabu vikijaa unaenda kubadilisha na taa ama vyombo vya jikoni. Hiyo kitu ilipendwa hadi miaka ya 1960. Sasa angalia: duka lilinunua stempu kwa pesa, na pesa hiyo ilibidi itoke kwa bei ya unga na sukari. Hata yule mama ambaye hakuwa na haja na stempu alilipa bei ile ile.

Kadi nazo zikaja kivyao. Septemba 1958, Bank of America ilitumia watu 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi za mkopo kwa posta. Hakuna aliyeomba. Unafungua barua, unapata deni linakungoja. (Zile meseji za "umeidhinishwa kukopa" hazikuanzia kwetu.) Benki ilitarajia karibu asilimia 4 ya wateja wachelewe kulipa, ikapata 22. Mwaka wa 1970 sheria ikakataza kutumia watu kadi ambazo hawajaomba, lakini kadi yenyewe haikufa. Mwaka wa 1976 ilibadilishwa jina, ikaitwa Visa.

Kitu kilichogeuza mchezo hata sio pointi, ni kesi. Mwaka wa 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kutoza wateja wa majimbo mengine riba inayoruhusiwa kwao nyumbani. Citibank haikulala. Mwaka wa 1981 ilipeleka biashara yake ya kadi South Dakota, jimbo lililokuwa limeondoa kikomo cha riba.

Mwaka huo huo, American Airlines ilianzisha AAdvantage, programu ya kupewa maili ukisafiri. Mwaka wa 1986 Sears ikaleta kadi ya Discover, inayokurudishia sehemu ndogo ya pesa uliyotumia. Mwaka wa 1987 Citibank na American wakaungana: ukinunua nyanya kwa kadi, unapata maili za ndege. Hapo ndipo kila matumizi ya kila siku yaligeuka kuwa pointi.

Kwa hivyo analipa nani? Wawili. Wa kwanza ni duka, ambalo hukatwa asilimia fulani kila kadi ikipita, kisha linaificha kwa bei. Zile stempu za kijani, tena. Mwaka wa 2010 watafiti wa benki kuu ya Marekani, tawi la Boston, walikadiria kwamba nyumba inayotumia pesa taslimu hupoteza dola 149 kwa mwaka kwa faida ya nyumba zinazotumia kadi. Wa pili ni yule msee anayebeba deni hadi mwezi ujao na kulipa riba.

Na usidhani pointi ni kitu kidogo. Mwaka wa 2021, Korona ikiwa imebana usafiri, American Airlines ilikopa dola bilioni 10 ikiweka programu yake ya maili kama dhamana.

Mimi niliacha chuo, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Chukulia kadi yako inarudisha asilimia 1, na unatumia 30,000 kwa mwezi. Umepata 300. Sasa chukulia umelipa 10,000 pekee, 20,000 ikabaki, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Hiyo ni 600. Umelipia pointi zako mara mbili, na sasa wewe ndio unalipia pointi za mwenye alilipa bili yote.

Hapa kwetu tumezoea Bonga tangu 2007, na nadhani ndio maana tunachukulia hizi kadi kimchezo. Bonga inakuja na pesa ambayo tayari umetoa. Pointi za kadi zinakuja na pesa ya benki ambayo bado unadaiwa. Kwa hivyo kama unayo, ipitishie vitu ambavyo ungenunua tu hata bila pointi: shopping ya nyumba, mafuta, bili ya intaneti. Lipa yote, sio kile kiasi cha chini wanakuandikia, kabla tarehe ifike. Kama kuna ada ya mwaka, itoe kwa hesabu ya zawadi kabla hujaanza kujisifu. Pointi zikifika za kutosha zitumie, kwa sababu thamani yake inapangwa na benki, na benki inaweza kuishusha. Na usiende na hiyo kadi kwa ATM kutoa pesa. Huko kwa kawaida riba huanza siku hiyo hiyo, kuna ada juu yake, na mara nyingi hupati pointi hata moja.