Nyumba za Yangambi: Urithi wa Nani?



Kila mara tukianza kuzungumza juu ya urithi wa inchi yetu, tunataja Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Ni sawa kabisa. Lakini angalieni vizuri: hayo matano ndiyo yote Kongo iko nayo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na yote ni misitu na wanyama. Hakuna hata jengo moja. Zanzibar waliandikisha Mji Mkongwe mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Je, sisi hatukujenga kitu?

Leo nataka tuangalie mji mdogo ambao wengi wetu wa Tshopo tunaujua kwa jina tu, karibu kilomita 100 kutoka Kisangani ukishuka na mto, ukingo wa kulia: Yangambi.

Tuanze na historia kidogo. Tarehe 22 Desemba 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda INEAC, taasisi ya uchunguzi wa kilimo kwa koloni nzima. Ofisi kuu ya utawala ilikuwa Brussels, lakini kazi yenyewe ilikuwa Yangambi, juu ya ardhi ya Waturumbu, na Walokele wakiwa pale mtoni. Wakajenga maabara, ofisi, maktaba, na nyumba za matofali zenye baraza na bustani pana kwa ajili ya wazungu. Wafanyakazi weusi walikuwa na kambi zao, mbali, vyumba vidogo. Ukipita Yangambi leo na ukajua kusoma majengo, unaona mpaka huo bado: bila mtu kukueleza, ukubwa wa uwanja peke yake unakuambia nani alilala wapi.

Sasa, kulifanyika nini ndani ya nyumba zile? Chukua mawese, tunayokula kila siku. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitangaza kutoka Yangambi jambo lililobadilisha kilimo cha michikichi duniani: ukichanganya mchikichi wa dura, wenye kokwa ngumu nene, na ule wa pisifera usio na ganda la kokwa, watoto wao wote ni tenera, kokwa yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanategemea tenera mpaka sasa. Chukua na ndizi: wachunguzi wa Afrika na nje wanajua aina moja inayovumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani, na jina lake ni Yangambi Km 5. Yaani kilomita ya tano ya barabara yetu iko ndani ya vitabu vya dunia!

Halafu kuna herbariamu, nyumba ya mimea iliyokaushwa, yenye vielelezo karibu 150,000. Kuna pia daftari za kati ya 1937 na 1958, ambamo watu walikuwa wanaandika mti gani umechanua, gani umezaa, gani umepukutisha majani. Mtafiti Koen Hufkens alizipiga picha, na watu wa kujitolea kwenye intaneti wakasaidia kunakili alama zake, katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms. Leo daftari zile zinasaidia kuelewa namna msitu unavyofuata majira ya mvua na ukame.

Hapo ndipo swali langu linaanza. Kazi kama ile, kuzunguka msituni kuangalia miti ileile mwaka baada ya mwaka, haifanywi na mkubwa wa ofisi peke yake. Kuna mababu zetu walioijua miti kwa majina. Majina ya wakubwa yako juu ya vitabu. Ya mababu yako wapi? Mengi yalibaki ndani ya hadithi za familia, kule kambini. Na nyumba za kambi ndizo zinaanguka mbele, sababu zilijengwa kwa bei ndogo. Tukikaa kimya, kesho zitabaki nyumba za wakubwa tu, na watoto wataamini sayansi ya Yangambi ilifanywa na watu wa barazani.

Baada ya uhuru vurugu zilikuja moja kwa moja. Mwaka 1970 taasisi ilibadilika jina ikawa INERA. Miaka ya 1990 IFA-Yangambi, shule yetu ya juu ya kilimo, ilihamia Kisangani kwa sababu ya fujo, halafu vita vikafuata. Wafanyakazi waliobaki walilinda vile vielelezo wakati mshahara haukuonekana. Na wao pamoja na familia zao ndio wanaoishi ndani ya nyumba zile, wakipikia uani, wakilima muhogo penye maua ya zamani.

Ninasikia vijana wakisema: «Ni vitu vya wakoloni, acha vianguke.» Ninaelewa uchungu huo. Lakini ukuta ukianguka, ushahidi wa ubaguzi unaanguka nao, na jasho la babu aliyepanga tofali pia. Wengine wanasema: tufanye hoteli za watalii. Sawa, lakini familia zinazoishi mule zitapelekwa wapi? Urithi unaoanza kwa kufukuza mtu aliyeulinda, mimi siuiti urithi.

Watanzania wako na mfano wa karibu. Kule Amani, milima ya Usambara, Wajerumani walifungua kituo cha uchunguzi mwaka 1902. Nyumba, bustani ya miti na kumbukumbu za wafanyakazi wa pale zimeandikwa na wanahistoria kama kitu kimoja. Na sisi tufanye hivyo.

Sheria iko. Ordonansi-sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni inaruhusu serikali kuandikisha hata majengo. Hifadhi ya msitu wa Yangambi inatambuliwa na UNESCO tangu 1976, na mwaka 2020 mnara wa CongoFlux wa mita 55 ulisimama kupima hewa ya msitu. Maana yake watafiti wanarudi, pesa zinarudi. Lakini zinakuja kwa miti. Nyumba hazina msemaji.

Basi pendekezo langu. Wenzetu wa historia, wa ujenzi na wa kilimo, likizo hii tuunde kikundi. Tuhesabu nyumba moja moja, kambi kwanza, villa baadaye. Tuandike hali ya paa na ya kuta, nani anaishi, nani aliishi. Turekodi wazee wakisema wenyewe, kwa Kiswahili, Lingala ao Kiturumbu. Halafu tupeleke orodha kwa mkoa, pamoja na ombi kwamba wakaaji wasiguswe bila kuulizwa. Pesa nyingi haihitajiki, ila wazee wanapungua kila mwaka. Nani anakuja? Andikeni majina hapa chini.