Tambi za Kamba na Lugha Iliyozipa Jina

Historia ya lugha haihifadhiwi katika sarufi na kamusi peke yake. Wakati mwingine hukaa mahali tusipopatazamia, hata ndani ya bakuli la chakula. Katika makala haya twakusudia kueleza habari za chakula kimoja cha Singapuri na Malaysia, yaani tambi zipikwazo kwa kamba wa baharini, na kuonyesha jinsi jina lake lilivyodumu ilhali lugha iliyolizaa inafifia.

Chakula hiki hakikuanzia katika hoteli za fahari. Waingereza walifungua kituo chao cha biashara Singapuri mwaka 1819, na baada ya hapo watu wengi walihamia huko kutoka kusini mwa Uchina. Kundi lililokuja kuwa kubwa kupita yote miongoni mwao ni la Wahokkien, wenyeji wa jimbo la Fujian. Wengi walikuwa wanaume waliokuja peke yao kutafuta kazi, wakalala kwa msongamano katika vyumba visivyo na nafasi ya jiko. Basi mlo wao waliununua barabarani, kwa wachuuzi waliochukua jiko na vyombo kwa mzega begani.

Siri ya upishi wenyewe ni mchuzi. Vichwa na maganda ya kamba, ambavyo mpishi mwingine angevitupa, hukaangwa mpaka vinukie, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, aghalabu pamoja na mifupa ya nguruwe. Humo hutiwa tambi za manjano za unga wa ngano, tambi nyembamba za mchele, kamba waliomenywa, choroko zilizochipua, na pilipili. Wapishi Waislamu wana namna yao isiyo na nguruwe, na kwa Kimalei huitwa "mee udang". "Udang" ni kamba. "Mee" ni tambi, neno ambalo Kimalei kililipokea kutoka Kihokkien.

Sasa tulitazame jina "Hokkien mee", yaani tambi za Wahokkien. Mjini Penang, jina hilo ni la tambi za mchuzi wa kamba tulizozieleza. Singapuri, ni tambi zilizokaangwa na kulainishwa kwa mchuzi huo; zile za bakuli huitwa "hae mee", yaani tambi za kamba. Mjini Kuala Lumpur, ni tambi nene zilizopikwa kwa mchuzi mweusi wa soya. Mtu wa Penang akiagiza chakula cha kwao huko Kuala Lumpur, ataletewa sahani nyeusi. Hapana aliyekosea: maana ya neno hukatwa na watu wanaolitumia.

Serikali ya Singapuri iliyabadili maisha ya wachuuzi hao. Mwaka 1968 na 1969 waliandikishwa, na kati ya mwaka 1971 na 1986 wakaondolewa barabarani na kupewa vibanda katika vituo vyenye maji ya bomba na mifereji ya maji machafu. Huko ndiko watu wa kila kabila huketi hadi leo, wakala kwa bei nafuu.

Wakati huohuo lugha nayo ilikuwa ikihamishwa. Mwaka 1979 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alizindua kampeni ya kuwahimiza Wachina wazungumze Kimandarini na kuziacha lugha za jadi zao, Kihokkien kikiwemo. Vipindi vya lugha hizo vikaondolewa katika televisheni na redio. Sensa ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba asilimia 14.3 ya wakazi walizitumia zaidi nyumbani; ile ya mwaka 2020 ilionyesha asilimia 8.7 tu. Kiingereza kilikuwa kimefikia asilimia 48.3.

Tarehe 16 Desemba, 2020, UNESCO iliutia utamaduni wa wachuuzi wa Singapuri katika orodha ya urithi wa binadamu. Hivyo mwaka uleule chakula kilitukuzwa, na lugha yake ikahesabiwa kuwa imepungua. Vibao vya vibandani bado vinasema "Hokkien mee", na vijana huagiza kwa jina hilo bila kukwama. Lakini wako wasioweza kuzungumza na bibi zao kwa Kihokkien.

Walimu wenzetu, hapa pana funzo. Kampeni ile ilikuwa na sababu zake, nayo iliwapa watu wengi lugha ya kuelewana. Lakini uhai wa lugha haupimwi kwa majina yaliyobaki vibaoni, bali kwa mazungumzo ya nyumbani. Sisi tunaofundisha Kiswahili kwa watoto wenye lugha nyingine majumbani mwao tuna wajibu wa kukijenga Kiswahili pasipo kuwafanya watoto hao wazionee haya lugha za mama zao. Mtoto aongezewe lugha, asibadilishiwe.