Upatu na vikundi vya kuweka na kukopa

Upatu ni utaratibu wa watu wanaofahamiana kuchanga kiasi sawa cha fedha kila wiki au kila mwezi na kumkabidhi mmoja wao fungu lote, kwa zamu, hadi kila mtu apokee. Nchini Tanzania huitwa pia mchezo, na anayeusimamia ni kijumbe. Kenya watu husema chama, jina linalotumika pia kwa vikundi vya uwekezaji. Rwanda ni ikimina, Kinshasa ni likelemba. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliuona kama daraja la kuwavusha wakulima kuelekea uchumi wa kibiashara, ambalo lingetoweka mabenki yakishaenea. Mabenki yameenea, na mchezo unachezwa hata maofisini na watu wenye akaunti benki.

Hesabu yake ni nyepesi. Ugumu uko kwenye zamu. Watu kumi wakitoa shilingi 20,000 kila Jumamosi, wa kwanza anaondoka na 200,000 ilhali ametoa 20,000 tu. Kwa kweli amekopeshwa na wenzake tisa, bila riba. Wa kumi hakopi kabisa: kwa wiki tisa amekuwa akiwakopesha wengine, na faida yake ni kwamba fedha hizo hazikuliwa nyumbani kidogo kidogo. Anayepokea mapema ndiye mwenye nafasi ya kutoroka, kwa hiyo mgeni huwekwa mwishoni, na wazoefu hupiga kura au hupangwa na kijumbe, ambaye mara nyingi hupokea wa kwanza kama ujira wa usumbufu. Zamu hubadilishanwa pia: mwenye msiba au mtoto anayeanza shule huomba atangulizwe, na anayempisha huhesabiwa kuwa ametenda wema wa kukumbukwa.

Kwa kuwa hakuna dhamana ya hati wala nyumba, kikundi huundwa kwa kuchujana. Chanzo huwa ni mahali ambapo watu tayari wanaonana: safu moja ya wauza mboga sokoni, mtaa, jumuiya ya kanisani, wanawake wa msikiti mmoja. Anayetaka kuingia hutafutiwa mdhamini miongoni mwa wanachama. Mchujo huo unalinda fedha, lakini una ubaya wake: asiye na kipato cha uhakika, ambaye ndiye mwenye shida zaidi, ndiye huachwa nje.

Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Tanzania vimezoeleka kwa jina la vikoba, ni mtindo mwingine. Asili yake ya karibu ni mpango ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 kwa ajili ya wanawake wa vijijini. Hapa fedha haigawiwi papo hapo bali inalala kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na mweka hazina anayelala na sanduku nyumbani hana hata mmoja, kwa hiyo haliwezi kufunguliwa mpaka wote wakutane.

Kikao kina taratibu zisizobadilika. Wanachama hukaa kwa namba zao. Kila mmoja akiitwa hununua hisa, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano, na daftari lake hugongwa muhuri kwa kila hisa, alama ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuihesabu. Wahesabu fedha wawili huhesabu noti mbele ya watu. Kabla ya kufunga, salio hutajwa kwa sauti ili kila mtu alikariri, na kikao kinachofuata huanza kwa kuulizana lilikuwa shilingi ngapi. Utaratibu huu unaoonekana wa kitoto ndio ukaguzi wa hesabu wenyewe: atakayechota itabidi adanganye vichwa ishirini.

Mkopo hufikia mara tatu ya akiba ya mkopaji, na riba yake hurudi kwa wanachama wote. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa ugonjwa na misiba, na faini za kuchelewa au kupokea simu kikaoni.

Baadhi ya vikundi hupita hapo. Kampuni ya TransCentury ya Nairobi, iliyoingia soko la hisa mwaka 2011, ilianza mwaka 1997 kama chama cha marafiki waliounganisha mitaji. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne la watoa huduma na kuvitaka viandikishwe. Havipaswi kuchanganywa na mipango ya kitapeli inayojiita upatu, ambayo huwalipa waliotangulia kwa fedha za wanaoingia na kuporomoka wageni wanapokwisha. Katika mchezo wa kweli idadi ya watu imefungwa tangu siku ya kwanza.

Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili kikoba huvunjwa. Madeni hukusanywa, fedha zote hugawanywa kwa idadi ya hisa, na sanduku hubaki tupu, au karibu tupu. Mzunguko mpya ukianza, aliyesumbua kulipa haambiwi kwamba amefukuzwa, haitwi tu.